Kisima Nyuma ya Madhabahu

Kufuli lilikuwa upande wa nje wa geti.

Ghania aliliona kabla Hazim hajazima gari. Alishuka, akajifunika pua kwa ncha ya shela kwa sababu ya vumbi, akalishika lile kufuli na kuliachia hapo hapo. Ilikuwa saa tatu tu ya asubuhi na chuma tayari kilikuwa hakishikiki.

"Funguo anazo nani?" aliuliza.

"Mimi, madam," Duncan alijibu. Alikuwa amewafuata kwa gari la kampuni, lile la viti kumi na vinne linalobeba walinzi. Shati lake lilipigwa pasi, na kofia ya msimamizi ilikuwa kwapani.

"Na mlinzi akiwa ndani?"

"Bado ni mimi."

"Yaani mnamfungia."

"Si kumfungia, madam. Mwaka jana kuna watu walikuwa wanakuja wikendi kupiga picha, wanakanyaga hizo kuta. Kampuni ikasema geti ifungwe na nje. Mlinzi hana haja ya kutoka. Zamu ikiisha, nakuja namfungulia."

Ghania alitazama simu yake. Hakuna mtandao. Waliiacha barabara ya lami kilomita kumi na moja nyuma, kwenye banda la mwisho la ngamia, na tangu hapo gari lilishuka bondeni kati ya vilima vya mchanga. Mbingu ilikuwa nyeupe na chafu, jua limefichwa na vumbi, lakini joto halikupungua hata kidogo.

"Andika kufuli," alimwambia Hazim. "Upande wa nje. Na andika kwamba simu haishiki."

Hazim, askari mwenye miaka mitatu kazini, aliandika bila hamu. Kwake kesi hii ilikuwa imekwisha. Jumamosi asubuhi mlinzi wa Kikenya aitwaye Lawrence alikutwa amekufa ndani ya kisima kikavu cha kanisa hili la kale, kichwani ana jeraha, na pembeni yake pana shimo lililochimbwa kwa mikono. Daftari la zamu lilionyesha kwamba mlinzi mwenzake, Ken, aliingia kazini Ijumaa alfajiri. Kwenye seng'enge za uzio kulikutwa kipande cha nguo ya buluu. Ken mwenyewe alikamatwa mchana ule ule katika chumba anacholala na wenzake saba huko Al Muraqqabat, begi lake limeshafungwa. Wiki mbili nyuma alikuwa amemtumia Lawrence ujumbe: *Tutaonana tu.* Mkuu wa kituo alishaiona picha nzima. Walinzi wawili walichimba mali ya kale, wakagombana, mmoja akamsukuma mwenzake, akaruka uzio na kukimbia. Faili lilitakiwa kwa mwendesha mashtaka leo Jumanne, saa kumi jioni.

Ghania aliomba asubuhi moja tu. Alikuwa na miaka ishirini na mbili katika kazi ya upelelezi, na kituoni yeye ndiye aliyeitwa kila mshukiwa alipokuwa mtu wa Kiswahili. Wazazi wake walihamia Dubai kutoka Unguja kabla hajazaliwa, na nyumbani kwao Kiarabu kilikuwa cha wageni. Jana usiku alikaa na Ken dakika arubaini. Ken alirudia maneno yale yale: tangu Alhamisi alikuwa na homa, alilala, gari halikuja kumchukua, ule ujumbe ulikuwa wa kuagana tu, begi lilikuwa la likizo ya Jumatatu. Wenzake wote walikuwa kazini na hakuna aliyemwona. Kabla ya kuondoka Ghania alimwambia anyooshe mikono, viganja juu. Aliitazama, akaaga.

Duncan alifungua geti.

Kanisa lilikuwa dogo kuliko alivyodhani. Kuta zilizobaki zilimfika kiunoni, za mawe ya matumbawe na chokaa, zimefunikwa kwa wavu wa kivuli uliotandazwa juu ya nguzo. Ashwaq, mtunzaji wa mambo ya kale aliyekuja nao, alivua viatu vyake vya vumbi mlangoni na kuvaa vingine vya kitambaa. Aliwapa na wao. Alizungumza Kiarabu, sauti ya chini kama mtu aliye hospitalini.

"Hili halikuwa la watawa," alisema. "Lilikuwa kanisa la kijiji. Padri mmoja, nyumba ishirini hivi. Walipanda mitende na kupiga mbizi za lulu wakati maji ya bahari yalikuwa yakifika hapa. Ni zaidi ya miaka elfu moja. Halafu maji yakaondoka, na wao wakaondoka."

"Watu waliketi wapi?"

"Wazee, kwenye hiki kibaraza kando ya ukuta. Wengine walisimama." Ashwaq aliinama, akapangusa mchanga juu ya bamba la chokaa lenye msalaba mfupi, mikono yake imepanuka nchani. "Lawrence aliniuliza swali hilo hilo siku yake ya kwanza. Alipenda kujua. Wanawake walisimama upande gani, watoto walibatizwa wapi. Kila asubuhi alifagia hapa, na hakuna aliyemwambia afagie. Nilimkataza kutumia ufagio wa chelewa kwa sababu unakwaruza sakafu. Akanunua brashi ya rangi, laini, akawa anafagia kwa hiyo. Kanisa zima."

"Aliwahi kuchimba?"

"Kamwe. Alinipigia kelele mimi siku moja nilipokanyaga ukingo."

Ghania alimgeukia Duncan, aliyekuwa amesimama nje ya mlango na kofia mkononi. "Mbona huingii?"

"Niko sawa hapa, madam."

Kisima kilikuwa nyuma ya madhabahu, mdomo wake wa duara ukiwa umezungushiwa mbao. Ngazi ya alumini ilikuwa bado imesimama ndani. Ghania alikunja abaya yake, akaifunga kiunoni, akashuka ngazi kumi na mbili. Chini palikuwa na hewa nzito na giza jepesi. Aliwasha taa ya kichwani.

Shimo walilolipiga picha Jumamosi lilikuwa katikati, upana wa beseni, kina cha mkono mzima. Kando yake palikuwa na sufuria ndogo isiyo na mfuniko, ya kupikia chai, ukingo wake umepinda kwa kuchimbia. Aligusa kuta za shimo. Juu ulikuwa mchanga mkavu. Chini ya mchanga ulikuwa udongo wa mfinyanzi, na alipoukandamiza ulimganda vidoleni.

"Ashwaq!" aliita. "Huu udongo umelowa?"

Uso wa Ashwaq ulitokea juu. "Januari, wachimbaji wetu walipofika chini kabisa, palikuwa na unyevu. Maji ya chumvichumvi, kidogo sana, yanachuruzika kwa siku nzima hujajaza kikombe. Tukafukia ili kuta zisiporomoke."

"Nani alijua?"

"Sisi. Na Lawrence. Yeye ndiye aliyeshika kamba."

"Hapa chini mlikuta kitu chochote cha thamani?"

"Vigae vya mitungi. Kisima kilishachunguzwa chote, hakina kitu. Na hilo pia Lawrence alilijua."

Ghania alibaki amechutama kwa muda. Mtu anayejua hapana kitu hachimbi mahali hapo kutafuta mali. Aliiokota sufuria kwa kalamu na kuitia ndani ya mfuko wa ushahidi. Ndani yake kulikuwa na tabaka jembamba la matope yaliyokauka na kupasuka.

Alipotoka alikwenda moja kwa moja kwenye uzio, upande wa mashariki, ambapo kitambaa kilikutwa. Hazim alimfuata na picha.

"Kitambaa kilikuwa hapa," Hazim alionyesha. "Ken alipanda, akaruka, akachanika. Khalas, kwisha."

Uzio ulikuwa na urefu wa mita tatu, na juu yake seng'enge za wembe zilijikunja kama springi. Ghania alizisoma polepole, mkunjo kwa mkunjo, kama anayetafuta mshono ulioachia. Damu iliyokauka ilikuwa kwenye mikunjo ya upande wa ndani. Ile ya nje ilikuwa safi, na vumbi lake halijaguswa.

"Aliyepanda hapa alifika nje?" aliuliza.

Hazim alizisogeza picha karibu na seng'enge.

"Nipe ile orodha ya nguo za marehemu kutoka hospitali."

Alimpa. Ghania alisoma kwa sauti: "Shati la buluu, moja. Suruali ya buluu, moja, imechanika goti la kushoto, kipande kimepotea. Nani aliyeandika kwamba ilichanika kisimani?"

"Sisi," Hazim alisema.

"Na viganja vya marehemu?"

"Vina mikato. Tulisema ni ya kamba."

"Kisima kina ngazi, Hazim. Kamba iko wapi?"

Hazim alizungusha macho, kana kwamba kamba ingeweza kutokea mchangani. Haikutokea.

"Jana nilimtazama Ken mikono. Haina hata mkwaruzo. Mtu hawezi kuruka hizi seng'enge Ijumaa, halafu Jumatatu akawa na mikono kama ya bwana harusi. Aliyepanda hapa ni Lawrence. Alitaka kutoka, akashindwa."

"Kumkimbia Ken?"

"Hilo ndilo tunakwenda kulitazama."

Kibanda cha walinzi kilikuwa sanduku la bati kando ya geti. Kitanda kimoja, jiko la gesi la mezani, kiyoyozi ukutani. Ndani palikuwa pamoto kuliko nje. Ghania hakugusa kitu kwanza. Alisimama mlangoni na kuhesabu.

Galoni za maji, mbili, za lita kumi na tisa, zote tupu. Kwenye shingo ya kila moja mtu alikuwa ameandika kwa kalamu nyeusi, herufi nadhifu: *Jumapili. Jumanne.*

"Mwandiko wa nani?" alimuuliza Duncan.

"Lawrence. Alikuwa mtu wa kuandika andika."

"Galoni moja kila siku mbili, sivyo? Jumapili, Jumanne, na Alhamisi. Ya Alhamisi iko wapi?"

"Pengine... Ken alienda nayo."

"Galoni ya lita kumi na tisa. Akaruka nayo uzio wa mita tatu."

Duncan alijipangusa shingo.

Daftari la zamu lilikuwa juu ya meza. Ghania alilifungua kwenye kurasa za mwisho, akasoma amesimama. Walinzi waliandika kila baada ya saa sita, na kwenye kila mstari walinakili namba ya mita ya jenereta, ile inayohesabu saa ambazo mashine imefanya kazi, ili fundi ajue siku ya kubadilisha oili. Alhamisi, saa kumi jioni, Lawrence aliandika: *4118. Kila kitu sawa.* Baada ya hapo mistari iliendelea bila kukosa. Usiku, alfajiri, Ijumaa asubuhi, pamoja na jina la Ken na sahihi yake, mpaka Ijumaa saa kumi jioni.

Alilifunga, akaweka kidole ndani.

"Hazim, kaa na Bwana Duncan. Nakwenda kupiga simu."

Ilimbidi atoke getini na kupanda kilima cha mchanga, hatua mia mbili, mchanga ukimwingia viatuni na kumuunguza. Juu kabisa simu ilipata mtandao. Daktari wa maiti alipokea mara ya kwanza.

"Nilikuwa nakutafuta tangu saa moja," daktari alisema. "Jeraha la kichwa ni la juujuu, la kujigonga. Halikumuua."

"Nini kilimuua?"

"Joto na kiu. Figo zilisimama. Nakadiria Ijumaa, kati ya adhuhuri na magharibi. Na kuna jambo lingine. Mdomoni alikuwa na udongo, mwingi, na kooni pia. Mwanzo walidhani aliangukia uso."

"Hakuangukia uso."

"Hapana. Aliumeza. Alikuwa akiunyonya."

Ghania alitazama chini bondeni. Kutoka pale juu kanisa lilionekana lote, wavu wake wa kivuli na kisima nyuma, na uzio umelizunguka pande zote nne.

"Niandikie sasa hivi," alisema, "na uitume kwa mkuu wangu. Kabla ya saa kumi."

Aliporudi hakwenda kibandani. Alimwita Duncan ndani ya kanisa na kumwonyesha kibaraza. Duncan alisita mlangoni, akavaa vile viatu vya kitambaa, akaja kuketi. Ghania aliketi kando yake. Ashwaq alisogea mbali, upande wa pili wa kuta, na Hazim akasimama mlangoni na kalamu.

"Nisomee huu mstari," Ghania alisema, akimpa daftari. "Wa mwisho."

"Ijumaa, saa kumi jioni." Duncan alikohoa. "Elfu nne, mia moja arubaini na mbili. Kila kitu sawa."

"Ken aliandika?"

"Ndiyo, madam. Si jina lake hili hapa?"

"Haya, twende."

Jenereta lilikuwa nyuma ya kibanda, chini ya paa la mabati. Ghania alikipangusa vumbi kioo cha mita kwa kidole gumba.

"Soma."

Duncan alisoma kwa macho.

"Nisomee kwa sauti, tafadhali."

"Elfu nne mia moja na ishirini."

"Alhamisi saa kumi jioni ilikuwa mia moja na kumi na nane. Kwa hiyo hii mashine ilifanya kazi saa mbili tu tangu Lawrence aandike, ikazimika Alhamisi magharibi, haijawaka tena. Mita hairudi nyuma, Duncan. Aliyeandika mia moja arubaini na mbili hakuwa hapa Ijumaa. Aliandika baadaye, anajumlisha sita, sita, sita."

Duncan alikaa chini. Hakuchagua mahali, alikaa tu kwenye mchanga, mgongo kwenye mashine.

"Sikumgusa, madam," alisema. "Mungu anajua, sikumgusa."

"Najua hukumgusa. Anza Alhamisi."

Alianza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetoa ripoti ofisini, Ghania akimtafsiria Hazim aliyekuwa akiandika.

"Mkataba unasema walinzi wawili. Alhamisi asubuhi Ken alinipigia, akaniambia ana homa. Nikamleta Lawrence peke yake. Tukiwa tumefika ndiyo nikaona nimesahau maji. Nikamwambia, bro, tumia yenye iko, kesho asubuhi nakuletea maji na mtu mwingine. Akaniambia sawa. Hakulalamika. Lawrence hakuwa mtu wa kulalamika."

"Galoni ya Jumanne ilikuwa na kiasi gani?"

"Sikuangalia."

"Ukafunga geti."

"Nikafunga geti."

"Ijumaa."

Duncan alichezea ukingo wa kofia. "Ijumaa kulikuwa na harusi. Hoteli moja hapo Al Garhoud. Ni watu wa fellowship yetu, na mimi ndiye nilikuwa na gari kubwa. Nilipanga nikimaliza kubeba wageni saa tatu nakuja huku mbio. Wageni wakachelewa. Ikawa saa sita. Nikasema nikishawapeleka ukumbini. Ikawa saa nane, wakasema picha."

"Saa kumi ulikuwa wapi?"

"Kwa picha."

"Joto lilikuwa kiasi gani Ijumaa?"

"Arubaini na nane." Alijibu upesi, alilijua. "Lakini nilijua kuna kiyoyozi, madam. Nilijua amekaa ndani, kwa baridi. Sikujua jenereta imekufa. Angenipigia..."

Aliacha hapo. Akatazama juu, kwenye kilima cha mchanga.

"Mtandao haushiki," Duncan alisema mwenyewe. "Mpaka utoke nje upande hiyo kilima."

"Endelea."

"Jumamosi nilikuja saa kumi na mbili na galoni mbili. Nikaita. Nikaona viatu vyake hapo kando ya kisima, vimepangwa. Nikashuka." Alifunga macho. "Alikuwa amelala kwa upande, kama mtu amelala tu. Mkono ulikuwa bado kwa hiyo shimo. Nilimmwagia maji. Nilimmwagia galoni nzima, madam, kwa kichwa, kwa mdomo. Sijui nilikuwa nafikiria nini."

Hazim aliacha kuandika. Ghania alimtazama, naye akaanza tena.

"Halafu daftari."

"Nilijua wataniuliza kwa nini alikuwa peke yake. Nikajaza. Nikaandika Ken aliingia Ijumaa, ndiyo ionekane walikuwa wawili. Ni hiyo tu. Niliogopa kazi. Niliogopa kurudishwa nyumbani. Halafu polisi wakafika, wakaona shimo, wakaanza kuuliza Ken ni nani, anaishi wapi. Sikusema Ken ameua. Hakuna mahali nimesema hivyo."

"Ulisema ulimleta Ijumaa alfajiri. Ulitia sahihi."

"Nilisema hivyo."

"Kisha Ken akafungwa pingu, na wewe ukanyamaza. Siku tatu."

"Nilijua mtamwachilia. Si hakuna kitu amefanya?"

"Leo saa kumi alikuwa anakwenda kushitakiwa kwa kuua, bwana wee." Ghania hakupandisha sauti. "Lawrence ulimjuaje?"

Swali hilo lilimkuta Duncan hajajiandaa. Uso ukamshuka.

"Mimi ndiye nilimleta Dubai," alisema. "Nilimtafutia hii kazi. Siku ya kufika nilienda kumchukua airport na hiyo gari. Tumetoka kijiji kimoja. Mama yake alinishika mkono akaniambia, nimekupatia huyu." Akauficha uso kwenye kofia. "Madam, tafadhali. Wacha mimi nimwambie Monicah. Mwenyewe."

Monicah alikuwa mke wa Lawrence. Alifanya usafi katika hoteli ndogo ya Naif, na tangu Jumamosi alikuja kituoni kila siku baada ya kazi.

"Hapana," Ghania alisema. "Wewe utaniambia mimi, na utamwambia mwendesha mashtaka. Yalla, simama."

Hazim alimfunga pingu. Walipokuwa wanaondoka Ashwaq alimzuia Ghania getini na kumuuliza kama kufuli linarudishwa. Ghania alilitia ndani ya mfuko wa ushahidi, mnyororo na vyote, wakaliacha geti wazi.

Kufika saa tisa na nusu mkuu wa kituo alikuwa na barua ya daktari mezani, na maelezo ya Duncan yenye sahihi tatu. Aliyasoma mara mbili. Aliuliza kama kampuni ya ulinzi imejulishwa kwamba na yenyewe itaitwa, kwa lile agizo la kufuli. Ghania alisema wito umeshaandikwa. Mkuu akatia sahihi karatasi ya kumwachilia Ken, na hakutoa maneno mengine.

Monicah alikuwa kwenye benchi la ukumbini, bado na sare ya hoteli. Alisimama alipomwona Ghania anakuja.

"Kaa, mwanangu," Ghania alisema, na akaketi naye. "Nina habari, na si nyepesi. Mumeo hakuuawa kwa kusukumwa. Aliachwa peke yake, bila maji na bila umeme, geti limefungwa kwa nje. Duncan ndiye aliyemwacha. Amekiri."

"Duncan?" Monicah alimtazama kana kwamba amekosea jina. "Duncan ndiye anapanga mazishi. Duncan alikuja kwangu Jumapili na sufuria ya chakula."

"Ndiye huyo."

"Na Ken?"

"Ken hakufika huko kabisa."

Ukumbini watu walipita na karatasi zao. Mtu mmoja aliita namba kwa Kiarabu.

"Walisema alikuwa anachimba dhahabu ya kanisa," Monicah alisema. "Niliwaambia Lawrence hawezi. Wakaniuliza, sasa alikuwa anachimba nini?"

"Maji. Alijua kwamba chini ya kile kisima kuna maji kidogo."

"Akayapata?"

Ghania alikuwa ameulizwa maswali mengi kwenye benchi lile. Alijifunza zamani kwamba uongo wa huruma hurudi mahakamani, mbele ya wote.

"Alipata udongo ulioloa," alisema. "Haukumtosha."

Monicah aliinamia magoti yake. Hakulia kwa sauti. Mabega yalitikisika muda mrefu, na Ghania alikaa hapo hapo, mkono wake juu ya mgongo wa yule mwanamke, mpaka mlango wa mahabusu ulipofunguliwa.

Ken alitoka akiwa ameshika viatu, mkanda na kamba zake mkononi. Alikonda kwa siku tatu. Alipomwona Monicah alisimama mbali, asijue kama asogee.

Monicah ndiye aliyeanza kusema, na hakumtazama.

"Jumapili nilimpigia mama yake Lawrence. Nikamwambia ni wewe umemuua. Nikamtajia jina lako lote. Amelia na jina lako siku mbili."

"Nimesikia," Ken alisema.

"Ameambia kijiji chote."

"Wangu wako huko huko, Monicah. Mamangu anachota maji kwa bomba moja na yeye." Ken aliviweka viatu vyake chini, akavivaa bila kamba. "Mpigie tena."

"Saa hii?"

"Saa hii. Mimi nitaongea."

Monicah alitoa simu, akatafuta namba, akabonyeza na kumpa. Ken aliipokea kwa mikono miwili. Ghania alisikia mlio wa simu ya mbali, mara moja, mara mbili, kisha sauti ya mwanamke mzee ikaitika jina la Monicah.

"Mama," Ken alisema. "Si Monicah. Ni mimi, Ken. Tafadhali usikate."